Neno Lenye O, Y, A na L

Mjukuu wangu ana programu kwenye simu yake. Anaiandikia herufi tano au sita, anabonyeza, na simu inamtapikia maneno yote ya Kiingereza yenye herufi hizo, marefu na mafupi, hata yale ambayo Waingereza wenyewe wameyasahau. Anaitumia kuwashinda wenzake kwenye mchezo wa maneno, halafu anatembea hapa Huruma kama mtu aliyeshinda marathoni. Nimemwambia bingwa ni simu. Yeye ni wa kubeba chaja.

Hakukasirika. Aliniuliza, "Kwani wewe shosho, wakati wenu mlikuwa mnatafuta maneno na nini?"

Na kichwa, nikamwambia. Tena haikuwa mchezo, ilikuwa kazi, na niliifanya hapa Eldoret miaka mingi ya siasa ya chama kimoja. Basi nawaandikia nyinyi wote mnaofanana naye, mnaodhani neno ni kitu cha kubonyeza.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na kutoka upande wa ziwa kuja kukaa na dada yangu, chumba kimoja, watu sita. Kazi niliipata kwa Bwana Karanja, aliyekuwa na duka la madaftari na vitabu vya shule. Nyuma ya duka alikuwa na mashine ya kuchapa, na Mzee Wafula, mtu aliyeielewa. Tulichapa kadi za harusi, risiti, programu za mazishi, na zaidi ya yote mabango. Kwa mabango tulitumia herufi za mti. Zile kubwa kabisa zilikuwa na urefu wa kiganja, na unapanga moja moja, kinyume, kama unavyoona uso wako kwenye kioo. Ukishapanga, unapaka wino, unakandamiza karatasi.

Shida ilikuwa kwamba Bwana Karanja aliinunua mashine kwa mtu aliyekuwa anahama, na herufi zake zilikuwa kama meno ya mzee. E kubwa zilikuwa mbili tu, na Kiingereza ni lugha inayokula E kama ng'ombe anavyokula chumvi. A mbili, R mbili, T mbili. L zilikuwa mbili pia, mpaka Bwana Karanja alipochukua moja kuzuia mlango wa nyuma usipigwe na upepo. Ikanyeshewa, ikavimba, ikapasuka. Herufi mpya zilitoka ng'ambo na zilihitaji leseni, na leseni ilihitaji kujuana na mtu. Bwana Karanja alijuana na watu wengi, lakini wote walikuwa wa aina ya kuomba madaftari ya bure.

Kwa hiyo mteja alikuja na maneno yake, nasi tulikuwa na herufi zetu, na kazi yangu ilikuwa kuwapatanisha.

Nyingine zilipatanishwa kwa hila. M ikikosekana, geuza W. Ukikosa O, weka sifuri. Namba saba ukiigeuza miguu juu inakuwa L, ingawa ni L iliyolewa. Wateja wengine waliiona, wengine hawakuiona. Hila zikiisha, unatafuta neno lingine lenye maana hiyo hiyo na herufi ulizo nazo. Fundi mmoja wa nguo alitaka aandikiwe EXCELLENT TAILOR. Hesabu E hapo, hesabu L, utaona kwamba tungehitaji kiwanda kizima. Mzee Wafula alihesabu herufi zilizokuwepo, akasema, "Muandikie EXPERT." Fundi alifurahi kuliko alivyokuja.

Mzee Wafula Kiingereza cha kuongea kilimshinda. Ukimwambia "Good morning" alijibu "Nzuri sana." Lakini mpe herufi. Maneno aliyajua kwa sura, kama mchungaji anavyojua ng'ombe ambao si wake, na maana alizitafuta kwenye kamusi isiyo na jalada aliyoifunga kwa mpira wa tairi. Alinifundisha nisiandike herufi kwa mstari, kwa sababu kwenye mstari jicho linashikwa na mpangilio na halioni lingine. Ziandike kwa duara, akasema, halafu zungusha. Anza na herufi ngumu, zile zenye marafiki wachache, V na Y na X. Weka kando ER, ED na ING, ni mikia tu, zitajileta zenyewe. Na neno likishakubali herufi, soma maana zake zote kwenye kamusi, kuanzia ya kwanza.

"Kuingia kwa mlango si kukaribishwa," alisema.

Nilikuwa mwanafunzi mwenye majivuno, na majivuno hayana masikio. Mwezi wa pili tu nilipanga bango la hoteli ya Mama Chebet. Alitaka HOT MEALS, chakula moto. Herufi zilikuwepo zote. Nikazipanga kinyume kama inavyotakiwa, nikachapa, naye Mama Chebet, ambaye hakusoma Kiingereza, akabandika mlangoni. Wiki mbili baadaye padri mmoja alimwita pembeni akamweleza kwamba bango lake linasema HOT MALES, yaani anauza wanaume moto. Herufi zilikuwa zile zile tano, ila E ilikuwa imeruka viti viwili. Mama Chebet alikuja dukani akiwa na bango mkononi. Nilidhani atanipiga nalo.

"Sasa naelewa mbona wamama wote walikuwa wanakuja kuchungulia," alisema. "Waliingia, wakaangalia, wakaagiza chai tu."

Mzee alimchapia lingine bure. Mimi alinipa kazi ya kusoma kila bango mara tatu kinyume na mara moja mbele ya kioo. Hakunitaja kwa Bwana Karanja. Nikadhani ndivyo wazee walivyo, wanafunika makosa ya watu na mambo yanakwisha.

Sasa nifike kwa mwenyekiti.

Alikuwa mwenyekiti wa tawi la Chama. Hatukuhitaji kusema chama gani, kilikuwa kimoja. Kwao ni Chepsaita, na alipenda kuitwa Mheshimiwa ingawa hakuwa mbunge wala diwani. Uchaguzi wa tawi ulikuwa unakaribia, na katibu wake, mwalimu mstaafu mwenye miwani, alikuwa ameanza kusalimia watu sana. Mwenyekiti alikuja Jumatano na karatasi. Picha yake katikati, na juu yake, kwa herufi kubwa kabisa za duka, LOYAL SERVANT, mtumishi mwaminifu. Aliyataka mabango siku ile ile.

Mzee Wafula hakuwepo. Alikuwa amepanda gari alfajiri kwenda Webuye kumzika shemeji yake. Nilikuwa peke yangu na herufi, na L ilikuwa moja.

Nilijaribu ile saba ya kugeuza. Mwenyekiti aliiangalia akasema, "Hii L imeegemea nini?" Ikatoka. Nikafikiria FAITHFUL, lakini F tulikuwa na moja na neno lilitaka mbili. DEVOTED ilitaka E mbili, na SERVANT ilikuwa na yake ya tatu. TRUE ingeingia vizuri kabisa, lakini ilikuwa neno fupi, na niliogopa mwenyekiti ataona amepunjwa. Basi nikaandika herufi zilizobaki kwa duara kama nilivyofundishwa. O, Y, A, L. Neno gani lina hizi nne na halihitaji L nyingine? Nikazungusha. Nikatia B, nikatia D, nikatia R.

ROYAL.

Nikafungua kamusi. Maana ya kwanza ilihusu mfalme na malkia. Nikairuka. Ya pili ilisema tukufu, ya fahari. Hapo nikasimama. Nilijiona nimemzidi Mzee.

Mwenyekiti alisoma bango la kwanza likiwa bado na wino mbichi. "Royal," alisema polepole. Akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama akiwa ameinamisha kichwa. "Hii ni Kiingereza ya juu. Nani alikufundisha?"

"Hapa hapa kazini, Mheshimiwa."

Akachukua mabango mia tatu.

Mpaka Ijumaa uso wake ulikuwa kwenye kila ukuta, kuanzia sokoni mpaka Huruma, mpaka Cheptiret kwenye barabara ya Nakuru. Jumapili katibu alisimama mbele ya watu, akapangusa miwani, akasoma bango kwa sauti. Halafu akauliza kwa upole kama anauliza darasani: nchi hii ina wakubwa wangapi? Watu wakajibu mmoja. Sasa huyu anayejiita wa kifalme, akauliza, anataka kukalia kiti cha nani?

Nyinyi mnacheka. Wakati huo hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanachukuliwa kwa maneno madogo kuliko hilo, na waliorudi hawakurudi vile walivyoenda. Siku mbili baadaye mwenyekiti naye aliitisha mkutano wake, akasema yeye ni mtu mnyenyekevu sana na neno lile liliwekwa na wachapaji waliotumwa na maadui wa maendeleo.

Mimi, adui wa maendeleo, nilikuwa nafunga vitabu vya risiti walipokuja. Makachero wawili, wamevaa suti za rangi ya vumbi. Waliuliza nani anapanga herufi hapa. Bwana Karanja alikumbuka kwamba ana kitu chooni. Mzee Wafula, aliyekuwa amerudi, alinawa mikono taratibu na kila kidole peke yake, akasema, "Ni sisi wawili."

Kituoni tuliwekwa mbele ya meza ya sajini mmoja, mtu wa Nyeri, mzito, mwenye kalamu mbili mfukoni. Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu ulimi wa watu wa kwao: L na R kwao ni mapacha, wakimwita mmoja wanakuja wote. Sitawacheka sana. Mimi mwenyewe nikitaka kununua shati, muuzaji husikia sati.

Bango lilikuwa mezani. Sajini aliligonga kwa kidole.

"Nani alichagua hii neno?"

Nilifungua mdomo. Kweli niliufungua. Lakini niliwaza dada yangu na kile chumba na ule mlango wa chuma niliouona tulipoingia, na kabla sijamaliza kuwaza, Mzee alikuwa amejibu.

"Ni mimi, afande."

"Siku gani?"

"Jumatano."

Jumatano alikuwa Webuye akitupa mchanga kaburini. Nilijua. Bwana Karanja, popote alipokuwa amejificha, alijua.

"Na wewe, mama, ulifanya nini?"

"Nilipanga herufi," nikasema. Ilikuwa kweli, lakini kweli iliyokatwa kichwa.

Mzee akaomba karatasi. Akaandika LOYAL, akafunika L ya kwanza kwa kidole gumba. "Hii hatuna, afande. Mwenye duka alizuilia mlango, ikapasuka. Imebaki nini? O, Y, A, L. Sasa nikaweka R hapa mbele. Imekuwa nini?"

Sajini alisoma. "Royar."

"Ndiyo, afande. Royal."

"Na mwenyekiti alitaka nini?"

"Loyal."

Sajini alitutazama mmoja mmoja. "Si ndiyo hiyo amepata? Kosa iko wapi?"

Nilijiuma shavu kwa ndani. Hata hivyo sajini alikuwa ametumwa kuandika maelezo, na maelezo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo aliendelea. Aliniuliza jina, kabila, kazi, kama nimewahi kuwa na maneno mabaya juu ya serikali. Nilimjibu kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, nikikaza kila herufi: "I am a loyal citizen." Mimi ni raia mwaminifu. Akaandika.

Mpangaji wa herufi anasoma kinyume, anasoma chali, anasoma kupitia mgongo wa karatasi. Mzee Wafula alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, na alikuwa anasoma.

"Afande, samahani," alisema. "Hapo umeandika royal."

"Ndiyo. Si ndivyo amesema?"

"Umeandika huyu msichana ni raia wa kifalme. Tena hapo chini umeweka jina lako."

Inspekta aliyekuwa dirishani akaja, mtu mrefu asiyezungumza ovyo. Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaliangalia bango, akaisoma tena.

"Hii faili inaenda Nakuru kwa wakubwa," inspekta alisema. "Nikifika huko niwaambie nini? Kwamba tumeshika watu kwa neno, halafu stesheni yangu yenyewe imeandika neno hilo hilo?"

Inspekta aliichana karatasi mara moja, akaiweka mfukoni, hata kwenye pipa hakuiamini. "Nendeni mkabandue takataka yenu," akatuambia. "Jumapili nisione hata moja."

Ndivyo tulivyookoka, kwa ulimi wa mtu wa Nyeri na macho ya Mzee Wafula.

Kubandua mabango mia tatu si kama kufuta ujumbe kwenye simu. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano, na ilikuwa gundi nzuri kwa bahati mbaya. Tulizunguka na ndoo ya maji moto na visu vya jikoni. Cheptiret mbuzi walikuwa wametangulia, wamekula uso wote wakaacha ROYAL juu, sijui kwa nini wino ule hawakuutaka. Mzee, akiwa anakwangua ukuta wa posho mill, alisema, "TRUE ingetosha." Nilijifanya nasikiliza injini ya kinu.

Jumamosi tulimalizia Chepsaita. Nyumbani kwa mwenyekiti tulikuta bango moja sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, kati ya picha ya Rais na kalenda ya mbolea. Mzee alivua kofia akaeleza kwamba tumeagizwa kuyatoa yote.

"Hiyo haiko kwa ukuta wa serikali," mwenyekiti alisema. "Hiyo iko kwa nyumba."

Mkewe akatuletea chai na viazi. Na yule mtu aliyewaambia watu sisi ni maadui wa maendeleo akatumiminia maziwa kwa mkono wake, akaegemea kiti, akamwambia Mzee, "Lakini kazi ilikuwa safi."

Mzee akashukuru kwa chai.

Jumatatu Bwana Karanja alitusubiri mlangoni. Hakumwangalia Mzee usoni. Alisema Chama kinataka jina, na biashara bila Chama haiendi, na yeye ana watoto.

"Umewapa?" Mzee akauliza.

"Nimewapa lako."

Mzee akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine. Akachukua kamusi yake. Mimi nilikuwa napanga kadi ya harusi, herufi ndogo za madini ya risasi, na siku hiyo zilikuwepo zote, hakuna hata moja iliyokosekana. Alisimama hapo muda ambao mtu hahitaji kusimama ikiwa anatoka tu. Nikaendelea kupanga. Halafu nikasikia mlango.

Kabla ya saa sita Bwana Karanja aliniambia nihamie meza ya Mzee, kwa sababu ina mwanga. Nikahamia. Nilikaa pale miaka kumi na moja, mpaka kompyuta zilipokuja na kila mtu akawa na E za kutosha. Watu walinisifu kwa kupata maneno. Mwenyekiti alishinda uchaguzi ule, na katibu akawa wa kwanza kumpongeza. Sajini alipandishwa cheo.

Ilinichukua miezi minane kumtafuta Mzee. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, kwa Kiswahili na Kiingereza, na nilibeba sukari na majani ya chai. Nilimkuta kwenye kipande chake cha shamba upande wa Turbo, anatengeneza ua uliovunjwa na ng'ombe wa jirani. Alikuwa amekonda. Niliweka mzigo chini nikaanza kusema kwamba neno lile lilikuwa langu, kwamba nilipaswa kusema.

Alinyoosha mgongo.

"Pale polisi sikukulaumu," alisema. "Pale polisi hata mimi niliogopa. Lakini ile Jumatatu nilisimama nikikungoja uongee. Ungekuwa unaongea na Karanja tu, hakuna bunduki."

"Ndiyo, Mzee."

"Hukuongea."

"Sikuongea."

Alinitazama kidogo, kisha akainama tena kwenye nguzo. "Shika hapa," akasema, akinipa ncha ya waya. "Shika kwa nguvu, usiachilie mpaka nikuambie."

Nikashika. Waya ulikuwa na miiba, na hakuniambia niachilie mpaka alipofika nguzo ya mwisho.